Kwa mnaoanza zamu: haiba pinzani si lazima iwe usaikopathi

Juzi nilifungua faili la kijana kutoka Tandahimba, nikakuta mmoja wenu ameandika neno moja tu kwenye utambuzi: "saikopathi". Wadogo zangu, neno hilo mmelitoa wapi? DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, haina utambuzi wenye jina hilo. Kilichomo ni tatizo la haiba pinzani kwa jamii, yaani tabia ya kudumu ya kupuuza na kuvunja haki za wengine, nalo lina masharti yake.

1. Anzeni na umri. Mgonjwa awe ametimiza miaka 18, na mwenendo mbaya uwe ulianza kabla ya miaka 15, kwa hiyo historia isiyo na mzazi au mlezi haijakamilika.

2. Kutojuta ni kigezo kimoja tu kati ya saba, na vitatu vinatosha. Mtu anaweza kuvitimiza kwa uongo, ugomvi na kutowajibika, huku dhamiri inamtafuna. Usaikopathi hudai pia ubaridi wa moyo, ndiyo maana orodha ya Hare, kipimo cha usaikopathi cha mwanasaikolojia Robert Hare, ina vipengele 20 vyenye jumla ya alama 40, na wafungwa wengi wenye haiba pinzani hawafiki alama 30, kiwango cha kumwita mtu saikopathi kinachotumika Marekani.

Mimi hayo niliyajua kwa mtihani. Mwaka wangu wa kwanza kazini, msimu wa korosho, polisi walituletea kijana aliyemjeruhi mlinzi wa ghala. Alikuwa na makosa tangu darasa la tano, na vigezo alivitimiza. Alinijibu bila kupepesa macho, kisha akatoa noti ya shilingi elfu tano iliyokunjwa mara nne, akaomba nimfikishie mlinzi. Nilimrudishia, nikaandika: "Hana majuto, anarubuni, saikopathi." Mahojiano ya dakika ishirini! Wiki iliyofuata mlinzi alikuja kubadilishiwa bandeji, akanisimulia kwamba, kabla ya kukamatwa, kijana yule alifika kwake usiku mara mbili, akaacha kikapu cha makopa ya muhogo mlangoni na kukimbia. Nililikimbilia faili nirekebishe, lakini ripoti yangu ilikuwa imeshafika mahakamani, na ndugu zake walikuwa wameshaambiwa kwamba mtoto wao hana moyo. Hawakurudi kliniki.

3. Ulizeni ajali za kichwa, na uraka pia, ile pombe ya mabibo ya korosho. Bodaboda zetu hubadilisha haiba za watu.

4. Faili la Tandahimba liko mezani kwangu. Aliyeandika aje na kalamu, na namba ya simu ya mama wa mgonjwa.