Mwavuli na upweke wa Paris

Swali la wiki liliuliza mchoraji anawezaje kuonyesha upweke mahali penye watu tele. Wengi hutafuta jibu kwenye nyuso. Mimi naomba tupime nafasi, kwa picha ya mchoraji Mfaransa Gustave Caillebotte ya 1877, barabara ya Paris siku ya mvua.

Tafuta nakala nzima. Zinazozunguka mitandaoni mara nyingi hukatwa zibaki na wale wawili wa mbele tu, na hapo picha hugeuka kuwa ya wapenzi. Simamisha rula juu ya nguzo ya taa: turubai inagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kisha ilaze kwenye usawa wa macho ya watu, uone jinsi vichwa vya walio mbali vinavyofuata mstari uleule wa walio karibu. Kushoto, mawe ya barabara yaliyolowa yamechukua nafasi kubwa kuliko watu, na kila mpita njia ana njia yake.

Sasa miavuli. Hakuna hata mchirizi mmoja wa mvua uliochorwa. Mvua tunaijua kwa miavuli na kwa mng'ao wa mawe. Na mwavuli ndio unaoamua mtu akusogelee kiasi gani. Mwanamume na mwanamke wa mbele wako chini ya mmoja, mwanamke ameshika mkono wa mwanamume, lakini wote wawili wanatazama pembeni, nje ya picha. Ukingoni kulia, mtu aliyetugeuzia mgongo amekatwa na fremu, na mwavuli wake unakaribia kugonga mwavuli wao. Hatua moja zaidi, lazima mmoja auinamishe. Bado hakuna aliyeuinamisha.

Upana huo wa barabara ulijengwa. Kuanzia 1853 Haussmann, mkuu wa utawala wa jiji, alibomoa vichochoro vya Paris akapitisha barabara pana, na makutano haya yako karibu na stesheni ya Saint-Lazare. Turubai lenyewe, lililoko Chicago, lina kama sentimita 212 kwa 276, hivyo wale wawili wanakaribia kimo cha mtu, nawe unayetazama unajikuta njiani mwao.

Mchoraji mwingine, Édouard Manet, kwenye picha yake ya 1882 ya baa ya Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, alionyesha upweke huo kwa kioo. Umati wote umo ndani ya kioo, nyuma ya mhudumu. Upande wetu amebaki yeye, chupa, bakuli la machungwa na marumaru ya kaunta.