Kwa anayetaka kuwa fundi wa mashine za boti Lamu

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha nne na alama hazikuwafikisha chuo kikuu, nawaandikia kuhusu kazi iliyonilea mimi na wanangu.

Hapa kwetu boti ndiyo matatu. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Manda avuke maji ndipo afike mjini, anayekuja kwa basi huishia Mokowe, na watu wa Faza na Kizingitini hungoja maji yajae wapite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Mashine ikizima wakati wa kaskazi, wageni wakiwa tele, mwenye boti amepoteza riziki ya siku nzima. Kwa hiyo hakulipi saa ulizoinama. Analipa boti irudi majini. Iko miezi niliyopata kuliko ndugu zangu wa ofisini, na iko miezi ya kusi niliyokula akiba. Anza kuweka akiba na malipo ya kwanza.

Adui yetu ni chumvi. Kazi ya kwanza utakayopewa ni kuosha mashine kwa maji tamu, na vijana wengi huiona ya kitoto. Si ya kitoto. Tazama yale maji yanayoruka nyuma ya mashine inapounguruma: yakitoka membamba, ama njia imeziba kwa chumvi na mchanga, ama impela, kile kipangaboi kinachosukuma maji ya kupoza mashine, imechakaa, na mashine itachemka. Mimi huyatazama kabla sijashika spana.

Mwaka wangu wa pili nilikaza plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, kwa nguvu zangu zote. Kichwa cha silinda ni alumini, laini, nyuzi za tundu la plagi zikakatika. Nikamwambia mwalimu wangu jioni ileile. Nilikatwa posho miezi miwili, lakini mwenye boti yule hadi leo ananiita mimi. Plagi ianze kwa vidole, spana ije mwisho.

Halafu cheti. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hauulizi digrii. Unapimwa mikono, kuanzia gredi ya 3, ya chini, hadi ya 1, ya juu. Nilichelewa kuufanya na nilijuta, maana hoteli zilitaka karatasi kwanza. Jifunzeni na umeme, kwani mashine mpya za mipigo minne zina kompyuta ndani.

Ukiwa tayari, njoo ufukweni maji yakipwa, boti zikiwa zimekaa mchangani. Wakati huo fundi ana nafasi ya kukuonyesha. Vaa nguo ya kuchafuka, msalimu, umwombe uoshe mashine moja.