Maswali yenu ya Machu Picchu na vijiji vya Andes, majibu bila kuzungusha

Haya, tumerudi Peru, kwenye Machu Picchu, mji wa kale wa mawe ulioachwa na Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania. Kila nikigusa Andes maswali yanamiminika, na nusu yake ni lile lile la kichwa kuuma, kwa hiyo tuanze nalo liishe.

Naenda Cusco mwezi wa saba. Mimi hapa Dar nakimbia kilomita kumi kila asubuhi, kweli nina haja ya kuogopa huo urefu?

Mdogo wangu, mazoezi hayakukingi, hewa nyembamba haichagui mkimbiaji. Cusco, mji mkuu wa zamani wa Wainka, iko kama mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa waliopanda Kili kwa njia ya Marangu wataelewa haraka: Mandara ni 2,720, Horombo ni 3,720, sasa wewe unashuka kwenye ndege katikati ya hapo na saa moja na kitu iliyopita ulikuwa Lima, mji wa pwani, mwili hata haujui kilichotokea, halafu jioni hiyo hiyo unaenda kunywa pombe na wenzako! Dawa ya kwanza ni ratiba. Ukitua Cusco chukua gari ushuke moja kwa moja Bonde Takatifu, lala Ollantaytambo ambako ni kama mita 2,800, kaa usiku mbili tatu, nenda Machu Picchu ambayo ni 2,430 tu (ndiyo, iko chini kuliko Cusco, acheni kubishana), Cusco yenyewe iweke mwisho. Habari ya Diamox, dawa ya ugonjwa wa urefu, muulize daktari kabla hujasafiri. Chai ya majani ya koka utaikuta hotelini, kule ni halali na ni ya kawaida, kunywa, ila usithubutu kuweka hata pakiti moja kwenye begi la kurudi maana nchi nyingi utakazopitia zinaihesabu dawa za kulevya, na ukipimwa mkojo kazini inaonekana.

Na hili hamniulizi kabisa: mwenye selimundu asipande huko bila ruhusa ya daktari anayemjua. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na hajawahi kuumwa, aongee na daktari kwanza, bandama linaweza kukosa damu kwenye urefu ule na hiyo ni dharura. Na yeyote akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, ashushwe usiku huo huo, msisubiri kupambazuke.

Tiketi ya Machu Picchu si naweza kununua getini tu?

Hapana. Getini hawauzi. Nimeandika hivi tena na tena na bado mnauliza. Inanunuliwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, na ukitaka Juni mpaka Agosti anza kutafuta miezi kadhaa kabla. Tiketi ina saa yako ya kuingia na njia yako, njia kuu ziko tatu, na ukishaingia kwa moja huwezi kuhamia nyingine. Anayekwenda mara ya kwanza atafute namba 2, inakupa ile picha ya juu mnayoitaka wote na inakupitisha katikati ya majengo. Kuna tiketi kiasi zinauzwa Aguas Calientes, mji ulio chini ya mlima, kwa foleni, lakini kutoka Nairobi mpaka kule ukitegemea foleni ni kuchezea hela zako. Beba pasipoti ile ile uliyojazia. Choo kiko nje ya geti, ndani hakuna.

Siku moja inatosha?

Kwa Machu Picchu inatosha. Kwa Andes haitoshi.

Kuna video inasema mawe ya Sacsayhuamán hayawezi kuwa kazi ya binadamu, Wainka hawakuwa na chuma wala gurudumu, unasemaje?

Nasema achana na hiyo video, na hapa nitakaa kidogo maana ndo swali linaloniuma kuliko yote mnayoleta.

Sacsayhuamán ni kuta kubwa za mawe za Wainka juu kidogo ya Cusco, na yapo mawe pale yanayokadiriwa kupita tani 100. Yamechongwa na watu. Dola ya Wainka ilikuwa na utaratibu wa kazi za zamu, kila jamii inatoa watu wake kwa msimu, wanalishwa kutoka maghala ya dola, kwa hiyo nguvu kazi haikuwa shida. Mawe yaligongwa kwa mawe mengine magumu zaidi, na nyundo hizo za mawe zimekutwa machimboni. Miaka ya 1980 msomi wa usanifu majengo, Jean-Pierre Protzen, alichunguza machimbo yale, akachukua mawe ya namna hiyo akajaribu mwenyewe kuchonga, na kazi ikaenda. Ukiwa Ollantaytambo tazama ng'ambo ya mto, machimbo ya Kachiqhata yako kule mlimani, na njiani bado kuna mawe makubwa yaliyoachwa kabla hayajafika, wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Hicho ni kiwanja cha ujenzi kilichosimama ghafla. Na ufundi wao si wa maonyesho, mwaka 1950 tetemeko lilipopiga Cusco kanisa la Santo Domingo ambalo Wahispania walilijenga juu ya hekalu la Qorikancha liliharibika vibaya, kuta za Wainka chini yake zikabaki zimesimama.

Sasa niambieni, sisi ndo wa kusambaza video kama hizo? Magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu wakoloni walisema wameyajenga Wafoinike, sijui watu wa Malkia wa Sheba, yeyote yule mradi asiwe Mshona, na serikali ya walowezi ya Rhodesia ikawabana wanaakiolojia waliosema ukweli. Kilwa na Gede nazo kwa miaka mingi ziliandikwa kama kazi ya wageni kutoka ng'ambo. Tunajua vizuri inavyouma mtu akikuangalia usoni akasema babu yako hakuweza. Kwa hiyo tusimfanyie Mkechua, mwenyeji wa Andes, jambo hilo hilo.

Hivi Wainka waliisha wote?

Dola ilivunjwa, mfalme wao Atahualpa alikamatwa na Wahispania Cajamarca 1532 na kuuawa mwaka uliofuata, ila watu wapo, Kikechua kinasemwa na mamilioni, na hata Mmarekani Hiram Bingham alipofika Machu Picchu 1911 na kusifiwa kwamba ameivumbua alikuta familia zinalima palepale.

Kampuni moja imenipa Njia ya Inka, ile ya kwenda Machu Picchu kwa miguu, siku nne kwa bei karibu nusu ya wengine. Nichukue?

Usichukue. Hesabu ni rahisi. Ruhusa ni watu 500 kwa siku, na humo wamo waongozaji, wapishi na wapagazi, kwa hiyo wageni wenyewe ni kama 200. Kibali hakina bei ya kuzungumza, chakula hakina, treni ya kurudi ndiyo kabisa. Kinachobaki kupunguzwa ni mpagazi. Sheria yao inaweka kilo 20 mwisho, na wanapita Warmiwañusqa, sehemu ya juu kabisa ya njia hiyo, mita 4,215, na mzigo mgongoni. Wanaojua maisha ya wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro hawahitaji maelezo. Iulize kampuni kwa maandishi: wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi, wanakula nini. Wakizunguka zunguka umeshapata jibu. Februari njia hiyo inafungwa, usije ukalipia.

Nataka kijiji cha asili kabisa, ambacho hakijaharibiwa na watalii.

Dada yangu, hakuna kijiji kilichogandishwa kikikusubiri wewe, watu wana simu, wana watoto chuo, wana mikopo. Ukitaka kuona maisha nenda Taquile, kisiwa cha ziwa Titicaca, wanaume ndo wanafuma kofia na ufumaji wao unatambuliwa na UNESCO, au lala Amantaní nyumbani kwa familia, wageni hupokelewa kwa zamu. Lakini pale ni mita zaidi ya 3,800, kwa hiyo usianze huko. Ukiwa Peru Juni ulizia Q'eswachaka, daraja la kamba za majani juu ya mto Apurímac, urefu wake karibu mita 30, jamii nne zinalisuka upya kila mwaka, na huo ni uhandisi wa Wainka unaoendelea kufanya kazi.

Kuhusu nguo, sweta inayouzwa bei ya chipsi kuku huku umeambiwa ni sufu laini ya alpaka, mnyama wa kule, hiyo ni uzi wa plastiki. Kitambaa cha kweli kinakula wiki, pengine miezi, na rangi nyekundu inatoka kwa wadudu wa kwenye kakati. Chinchero, mji mdogo karibu na Cusco, kuna wafumaji, na Nilda Callañaupa Alvarez aliyezaliwa hapo alishiriki kuanzisha kituo cha ufumaji wa jadi Cusco mwaka 1996, nunua sehemu kama hizo na usiombe punguzo la kudhalilisha. Mama akikuomba soli kadhaa, hela ya Peru, umpige picha, lipa, au usipige. Watoto usiwape pipi. Na uwanja mpya wa ndege unaojengwa hapo hapo Chinchero, katikati ya mashamba na matuta ya Wainka, mimi naupinga, kurahisisha safari ya watalii si sababu ya kutosha.

Wanakula simbilisi kweli?

Wanakula, anaitwa cuy, na watu wa Iringa wala hawatashangaa. Ila msishie hapo, kuleni viazi. Hivi vya Njombe na Nyandarua asili yake ni milima ile, kule kuna aina maelfu, na kuna chuño, viazi vinavyoachwa nje usiku vigande, vinakanyagwa kutoa maji, vinakaushwa juani na vinakaa miaka.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 66, magoti yanamsumbua, anatamani Machu Picchu. Aache?

Marahaba mwanangu, na mama mpe shikamoo yangu. Asiache. Apimwe moyo na presha kwanza, alale Bonde Takatifu sio Cusco, apande treni Ollantaytambo na basi mpaka getini. Njia namba 3 inapita sehemu za chini na ngazi zake ni nafuu. Fimbo ya kutembelea inaruhusiwa kwa wazee ikiwa na mpira chini. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, asisahau maana mkirudi kutoka Peru uwanja wa ndege nyumbani wanaweza kuidai. Treni ya kwenda mkatieni viti vya upande wa kushoto, mto uko huko.