Ukombozi wa mmoja mmoja, umoja unatoka wapi?

Umeuliza: kama kila mtu anakombolewa kwa imani yake mwenyewe, umoja wa waamini unaingiaje? Soma Waefeso kwa mpangilio huu: 1:7, kisha 2:11-22, ndipo 4:1-6. Wengi huanzia sura ya 4, na hapo ndipo wanapopotea: umoja unageuka kazi ya vikao na maridhiano. Paulo hasemi tuujenge, anasema tuuhifadhi, maana msalaba umekwisha kuuleta. Damu ile ile inayoondoa dhambi (1:7) ndiyo inayowaleta karibu waliokuwa mbali (2:13).

"Kiambaza cha kati" cha 2:14, yaani ukuta uliowatenga Wayahudi na mataifa, ambao Kristo aliubomoa, si maneno matupu. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na uzio uliowazuia watu wa mataifa, na mwaka 1871 lilipatikana jiwe lake lenye onyo la Kigiriki: mgeni atakayevuka, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Huenda wasomaji wa mwanzo walijua uzito wa kubomolewa kwa kitu kama hicho.

Sasa angalia Wagalatia 2:11-14. Petro hakukana fundisho lolote kwa kinywa. Alijitenga tu mezani na waamini wasiotahiriwa, yaani wasio Wayahudi, na Paulo akamkemea mbele ya wote kwamba haendi sawasawa na kweli ya injili. Kwa hiyo kanisa likikaa kwa makundi ya kabila au ya uwezo wa fedha, tatizo si adabu pekee, ni fundisho la ukombozi lenyewe linalokanwa kwa vitendo. Kwa Wakorintho, waliogawanyika hivyo mezani, dawa yake ilikuwa ya moja kwa moja: mkikutanika kula, ngojaneni (1 Kor 11:33).