Efekti tamu nyumbani, ukumbini hazisikiki

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya kwaya hapa Nkuhungu. Nina pedali nne (visanduku vya kubadili sauti ya gitaa): ovadraivu ya kukwaruza sauti, korasi ya kuinenepesha, dilei ya kuirudiarudia na riva ya mwangwi. Zote zinakula umeme wa adapta moja, na kwa kuwa amplifaya hatuna, naingia moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo unaochanganya sauti kwenda spika za ukumbini. Nikiwa peke yangu sauti ni safi. Ngoma, besi na kinanda vikishaingia, solo inakuwa kelele za nyuki na noti hazitambuliki. Nifanyeje?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nyuki hao wanatokana na kukosa amplifaya. Spika ya gitaa ya inchi 12 hutoa sauti kidogo sana ikishapita Hz (mitetemo kwa sekunde) 5,000 hivi, kwa hiyo ukali wa ovadraivu unaishia humo. Spika za ukumbini zina twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, zinautoa wote. Tafuta pedali inayoiga spika ya gitaa, uiweke mwisho kabisa kabla ya mikisa. Kama bajeti hairuhusu, rudisha nobu ya toni ya ovadraivu hadi chini ya nusu, kisha mwombe fundi mitambo apunguze trebo (sauti za juu) ya chaneli yako. Haitalingana na spika halisi, ila itavumilika.

Halafu punguza geini, nobu ya kiasi cha ukwaruzo kwenye ovadraivu. Ovadraivu ikizidi hubana sauti hadi ule mgongano wa piki (kibapa cha kupigia nyuzi) na uzi unapotea, na huo ndio unaomwezesha msikilizaji kutofautisha noti. Ukitumia robo tatu nyumbani, kwenye bendi anza na theluthi na uongeze volyumu badala yake. Usikate sauti za kati, hasa Hz 800 hadi 2,000: wengi huzikata kwa sababu chumbani inapendeza, kumbe ndipo gitaa linapoishi. Kwa sauti nzito za chini, bonyeza swichi ya kukata besi kwenye chaneli, ambayo mara nyingi huwa Hz 80 au 100. Uzi wako mnene kabisa unaanzia Hz 82, eneo ambalo tayari lina gitaa la besi na ngoma ya mguu.

Riva izime. Ukumbi wa tofali na bati una mwangwi wa kutosha, wa bure. Dilei ibaki, lakini iende na mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unapata milisekunde 500, na kwenye sebene tumia nusu yake, 250. Marudio yawe mawili tu, kiwango chake robo. Mpangilio uwe gitaa, ovadraivu, korasi, dilei. Dilei ikitangulia ovadraivu, marudio yote yanasagwa pamoja na noti mpya.

Kuhusu adapta: jumlisha mA (miliampea, kiasi cha umeme inaokula) zilizoandikwa kwenye kila pedali, na adapta isiwe chini ya jumla hiyo. Ovadraivu ya kawaida haifiki 20, dilei ya kidijitali inaweza kutaka 100 au zaidi. Hata jumla ikitosha, pedali za kidijitali hupitisha mlio kwa wenzake kupitia waya huo mmoja. Ipe dilei adapta yake, ukihakikisha volti na alama ya hasi na chanya vinalingana, na ovadraivu iendeshe kwa betri ya volti 9. Ukimaliza chomoa jeki ya kuingilia, maana pedali nyingi hula betri muda wote waya ukiwa ndani.

Vipimo hivi virekebishwe bendi nzima ikipiga, na mtu akisikiliza kutoka viti vya nyuma.

SWALI: Nobu za pedali zangu zinakwaruza kila nikizungusha. Zimekufa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Kiangazi cha huku ni upepo na vumbi, kwa hiyo huenda ni uchafu tu. Chomoa umeme, puliza kidogo dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye uwazi wa nobu, izungushe mwanzo hadi mwisho mara 20, uache ikauke. Usitie mafuta ya cherehani. Yatashika vumbi zaidi. Ikiendelea kukwaruza, fundi redio anaweza kubadilisha kipande hicho.