Toa marekebisho sasa, vipengele vipya visubiri

Ndugu yangu, umeuliza kama utoe leo marekebisho ya programu yako ya mstari wa amri (inayoendeshwa kwa kuandika amri), inayojumlisha uzito wa sangara hapo mwalo wa Kirumba, Mwanza, au usubiri kipengele kipya cha ripoti kikamilike. Toa sasa. Programu ikizima ghafla, karani anaona. Hii yako inapunguza jumla kimyakimya, na mvuvi analipwa pungufu. Hilo halivumiliki hata siku moja.

Nashuku desimali: kompyuta haihifadhi 0.1 kikamilifu, ndiyo maana 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004, na ukikata tarakimu kila mzigo, upungufu unajilimbikiza. Hifadhi gramu kwa namba nzima. Gusa hapo tu, jaribu kwa risiti za zamani, kisha toleo liitwe 1.4.1, si 1.5.0: namba ya mwisho hupanda kwa marekebisho tu, ya kati kwa vipengele vipya. Waachie makarani na toleo la awali, wakikwama walirudie.