Wagumu wangu wa Calradia: ushauri kwa anayeanza Warband

Masika yakishika, Aprili na Mei, Mlima Kilimanjaro huwa hauna wageni wengi, na sisi tunaokula kwa mlima tunarudi Moshi kukaa. Kuna wanaolima, kuna wanaopiga rangi nyumba. Mimi masika ya mwaka juzi nilinunua laptopu ya mtumba nikajikuta nimekuwa jemadari.

Aliyeniponza ni mtoto wa dada yangu, yupo chuo. Ndiye aliyeniwekea gemu ya vita ya kompyuta, Mount & Blade: Warband. "Anko," aliniambia, "picha zake si za kutisha, lakini mashine yako itaibeba." Na kweli iliibeba, maana gemu yenyewe ni ya mwaka 2010, imetengenezwa na TaleWorlds wa Ankara, Uturuki. Ukicheza peke yako haili bando, ambalo kwa mtu asiye na mshahara mpaka Juni ni jambo la maana sana. Kitu pekee inachokudai ni umeme, na kwetu masika, umeme nao una ratiba zake. Hifadhi mchezo mara kwa mara. Hilo nalisema mapema kwa sababu limeshanitoa machozi.

Kwa asiyeijua: unaanza kama mtu asiye na jina katika nchi ya kubuni inayoitwa Calradia, yenye falme sita zinazopigana bila kupumzika. Waswadia wana wapanda farasi wazito, Warhodok wana mikuki mirefu na pinde za mtambo, Wavaegir wana wapiga mishale, Wanord wana askari wa miguu wenye mashoka, Wakhergit karibu wote wako juu ya farasi, na Wasarranid wanatawala jangwa. Hakuna anayekulazimisha kufanya lolote. Unaweza kuwa mfanyabiashara, jambazi, mamluki, mtumishi wa mfalme au mfalme mwenyewe. Unazunguka ramani na watu wako, mkikutana na adui unashuka uwanjani, na huko upanga unaushika mwenyewe.

Sasa nikueleze nilivyoharibu. Nilikusanya kila senti, nikaingia kwenye baa za mijini nikaajiri mamluki waliokwisha iva, wenye deraya na kila kitu. Nilijiona. Kila baada ya siku saba gemu inakuletea hesabu ya mishahara. Ya kwanza nililipa nikabaki mkavu. Ya pili sikuwa na kitu. Gunia moja la nafaka nililonunua lilikuwa limeisha siku nyingi, ari ya watu ikashuka, wakaanza kutoroka mmoja mmoja usiku. Waliobaki niliwapeleka vitani kwa hasira tukapigwa, nikachukuliwa mateka, nikaachiwa sina hata farasi.

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana kazi yangu ni kupandisha watu Kilimanjaro. Nani asiyejua kwamba wagumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wetu, wakikosa chakula kizuri siku ya pili, hakuna mgeni atakayeiona Barafu Camp, kambi ya mwisho kabla ya kilele? Nimeshagombana na mabosi wa safari kwa ajili ya posho za wapagazi, halafu nimepewa jeshi langu mwenyewe nikalilisha ngano tupu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeanza halihusu upanga hata kidogo. Fungua dirisha la kikosi uangalie mishahara ya wiki ni kiasi gani, kisha uangalie ari. Chakula hapa si suala la wingi tu. Kila aina ya chakula unachobeba inaongeza ari kwa kiasi chake, kwa hiyo mkate, samaki mkavu, jibini, asali na matunda kwa pamoja vinakupa watu wenye furaha kuliko magunia matano ya kitu kimoja. Nyama mbichi huoza, usiirundike. Farasi wa ziada kwenye mizigo wanaufanya msafara uende haraka. Mateka wengi wanaurudisha nyuma kama mzigo uliozidi kilo. Na usiajiri kwenye baa mwanzoni. Nenda vijijini uchukue vijana wasiojua kitu, mshahara wao ni mdogo, wafunze wewe. Kijana wa kijiji cha Wanord aliyenusurika vita kumi na kadhaa anaishia kuwa Huscarl, askari wao wa juu kabisa, na mbele ya Huscarl ishirini hata mimi ningekimbia.

Kuwafunza kuna njia mbili: vita vidogo, na ujuzi wa ualimu, ambao kila usiku unawapa uzoefu watu walio chini yako kwa kiwango. Ukijenga mhusika wako, kuna nguvu, wepesi, akili na haiba. Wageni wote wa gemu hii wanamwaga pointi kwenye nguvu. Mimi nasema akili na haiba zisisahaulike. Akili inakuletea pointi za ujuzi za ziada, na haiba inakuongezea idadi ya watu unaoweza kuwaongoza. Kumbuka pia kwamba ujuzi wowote hauvuki theluthi ya sifa inayoubeba: ukitaka uongozi wa ngazi ya nne, haiba iwe 12.

Haya, tushuke uwanjani. Mapigo yapo manne: kutoka juu, kutoka kulia, kutoka kushoto na kuchoma. Ukikinga kwa silaha unatakiwa ukinge upande uleule pigo linakotokea, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa siku ya kwanza. Usijitese. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuiachia gemu ichague upande wa kukinga, na nyingine ya kupunguza maumivu unayopata hadi robo. Kijana wangu aliniita mzee kwa kuzitumia. Nilimwambia ndiyo, mimi ni mzee, na sasa hivi ni mzee aliye hai. Baada ya wiki mbili nilizizima mwenyewe.

Ngao inakinga pande zote za mbele bila kuchagua, lakini haikingi mgongo, na ikipigwa sana inavunjika. Usikae umeiinua muda wote kama mwavuli. Iinue adui anapovuta mkono, ishushe, piga. Dhidi ya wapiga mishale ndipo uiache juu.

Farasi ni nusu ya ushindi. Kasi ya farasi inaongezwa kwenye pigo lako, kwa hiyo pita mbio kando ya adui ukiwa umeshavuta upanga, uachie unapomfikia. Ukiwa na mkuki wa farasi na mbio za kutosha, mkono utaushusha mkuki wenyewe, na atakayekutana nao hana mjadala tena, hata awe na deraya ya kifalme. Lakini usiingize farasi katikati ya kundi. Akisimama tu, umekwisha. Na mbele ya mikuki ya Warhodok, shuka chini kabisa.

Rungu nalo lina heshima yake, na sisemi hivyo kwa sababu natoka huku. Silaha butu inazimisha mtu badala ya kumuua, na aliyezimia unaweza kumchukua mateka ukamuuza kwa dalali anayekaa baa. Upanga unakuachia maiti, rungu linakuachia mtaji.

Wa kuanza nao ni vibaka wa porini, wale wanaorusha mawe. Hawana ngao wala farasi. Majambazi wa baharini wanaozurura pwani ya kaskazini waache kwanza, hata kama unaona wako kumi tu. Wana mashoka, ngao na silaha za kurusha. Ukishakuwa na watu thelathini waliopikika, rudi kwao, maana nguo na silaha wanazoacha ni nzuri kuliko utakazomudu dukani.

Sasa amri. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi kujifunza, na ndipo unaposhinda vita au kuvipoteza. Bonyeza 1 kwa askari wa miguu, 2 kwa wapiga mishale, 3 kwa wapanda farasi, au 0 kwa wote. Kisha F1 inakufungulia amri za mwendo: F1 tena ni kusimama mahali, F2 ni kunifuata, F3 ni kushambulia. Anayeanza anabonyeza kushambulia kwa wote na kukimbia mbele yao. Matokeo yake farasi wanafika peke yao, wa miguu wanafika vita imeisha, na wapiga mishale wanakimbilia visu wakati wana mishale mgongoni.

Fanya hivi. Vita vikianza, tafuta kilima. Ukishikilia F1 badala ya kuigusa, unaweza kuchagua mahali hasa pa kuwasimamisha. Weka wapiga mishale juu, wa miguu mbele yao chini kidogo, farasi uwatoe pembeni wakufuate wewe. Adui atapanda, na anayepanda anapungua mwendo. Farasi wa Wakhergit waliokuwa wakinitesa kwenye tambarare walinifikia kilimani wakiwa wanatembea, watoto wangu wakawachagua mmoja mmoja. Subiri mpaka wamegusana na wa miguu, ndipo uwazungushe wapanda farasi kwa nyuma. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilipiga kelele saa saba usiku, mke wangu akaja akidhani kuna mwizi.

Pesa. Mwanzoni kabisa, tafuta miji yenye mashindano ya uwanjani. Unajiwekea dau mwenyewe, hadi dinari 100 kila raundi, na unaposhinda hadi mwisho unatoka na dinari elfu kadhaa pamoja na jina. Ukipoteza, unapoteza dau tu, hakuna anayekufa. Hizo pesa usinunulie deraya. Nenda kwa mkuu wa chama cha wafanyabiashara wa mji, ununue kiwanda. Cha pombe kinauzwa dinari 2,500, na nakiri nilikinunua kwa sababu za kiukoo, Mchaga na mbege hawaachani. Lakini kinacholipa ni cha kufuma na kutia rangi mahameli, dinari 10,000, bei ya kutisha ambayo inarudi taratibu kila wiki umelala. Usiweke viwanda vyote katika ufalme mmoja, kwa sababu ukiwa vitani na ufalme huo mapato yake yanasimama.

Baani kuna wale maswahiba wenye majina, 16 kwa jumla. Hawafi vitani, na kila mmoja anapanda ngazi kama wewe. Mtafute Jeremus, ni tabibu. Ujuzi wa upasuaji ukiwa juu, wengi ambao wangekufa wanarudi wakiwa majeruhi tu. Mwachie tiba yeye, njia na upelelezi mwingine, wewe bakia na uongozi. Ila wana ugomvi wao kwa wao, ukiwachukua wote wataanza kukuletea mashtaka.

Mwisho wa yote kila mtu anataka ngome. Ukiteka ngome huna mfalme, umeshatangaza ufalme wako, na aliyenyang'anywa anakuja na majeshi yake, huku majirani nao wakiona wewe si mtawala halali. Mimi nilidumu siku nne.

Pale nilikumbuka mambo ya huku kwetu. Sifananishi damu ya watu na mchezo, ila somo la mkakati lipo. Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga wa Moshi, alikuwa na hasimu mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho. Hakukimbilia kumaliza ugomvi peke yake, alijisogeza kwa wageni wenye nguvu, na mwaka 1891 Wajerumani ndio walioivamia Kibosho. Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani hao mwaka 1892, ushujaa ambao hadi leo tunauimba, lakini 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi. Na Rindi naye, rafiki aliyemkaribisha ndiye aliyebaki na nchi. Calradia ina mitego hiyohiyo: ukiwa peke yako unaviziwa, na ukiwa chini ya mfalme unamlimia yeye.

Njia niliyoiona inafaa ni kuanza kama mamluki wa mkataba kwa ufalme unaopigana na jirani mmoja tu. Unalipwa, unapata jina, unajuana na mabwana. Kisha kula kiapo, upewe kijiji, ambacho kitakuwa cha hovyo na kitachomwa moto, usilie. Mimi nilimchagua Ragnar wa Wanord. Harlaus wa Swadia nilimkimbia kwa sababu kila ninapomtafuta yuko kwenye karamu na nchi inaungua. Ukimshinda bwana wa upande wa pili, mwachie huru mara nyingi kuliko unavyomfunga. Heshima yako inapanda, na siku utakapotaka kiti chako mwenyewe, hao ndio watakaofikiria kuhamia kwako.

Kuta zenyewe wala hazina ufundi mwingi. Wote mnapita kwenye ngazi moja nyembamba, kwa hiyo peleka wa miguu wenye ngao mbele na wapiga mishale wengi nyuma, farasi wasubiri. Usiwe wa kwanza kupanda.

Hivi ninavyoandika nimehifadhi mchezo nje ya ngome moja ya Warhodok. Ngazi zinahitaji saa tano zaidi kukamilika, chakula ninacho aina saba, mishahara imelipwa jana. Lakini Juni imeingia, na kesho asubuhi ninatakiwa geti la Machame na wageni sita. Kijana nimemwachia laptopu kwa sharti moja, asiguse faili langu.